Vitz kwenye theluji ya Minnesota

Gari ambalo nyumbani tunaliita Vitz liliuzwa hapa Marekani kwa jina la Yaris. Langu ni la mwaka 2008, lina injini ya lita 1.5 na gia za mkono, na linavutwa na magurudumu ya mbele. Nimeliendesha Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, kwa misimu kumi na mmoja ya baridi, mara nyingi nikienda kazini usiku na kurudi alfajiri. Kila mwaka majani ya miti yanapoanza kupukutika huulizwa swali lile lile na ndugu waliofika karibuni kutoka Kisii, Dar es Salaam au Goma: je, kigari kama hiki kinaweza kuvuka msimu wa theluji, au ni lazima mtu akope anunue gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne?

Mwaka jana aliyeuliza alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliyefika mwezi wa Julai na kupata kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muuzaji mmoja wa magari alikuwa amekwisha kumwandalia mkopo wa miezi 72 kwa gari kubwa, akimwambia kwamba bila gari la namna hiyo hatafika kazini Januari. Nilizisoma karatasi zile mezani kwangu na moyo ukaniuma, kwa maana riba peke yake ilizidi thamani ya Vitz langu zima. Nilimsihi asitie saini, anunue gari dogo la mtumba kwa fedha alizokuwa nazo, kisha anipe wiki chache nimwoneshe niliyojifunza. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwonesha.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina faida moja ya hakika, nayo ni kuondoka: likiwa limezama au liko kwenye mwinuko, nguvu ya injini inagawanywa kwa matairi manne badala ya mawili. Kusimama ni habari nyingine. Kila gari, dogo kwa kubwa, lina breki kwenye magurudumu yote manne, na kinacholisimamisha ni mshiko wa mpira juu ya barafu, bila kujali ni magurudumu mangapi yanayovuta. Kila dhoruba inapopita, ukienda kwenye barabara kuu ya I-94 utayaona magari makubwa yamelala ndani ya mtaro wa katikati, na ninaamini wengi wa madereva wake walidanganywa na urahisi wa kuondoka: gari liliongeza mwendo kama wakati wa kiangazi, wakasahau kwamba halitasimama kama wakati wa kiangazi.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa hasara. Msimu wangu wa kwanza sikuwa na matairi ya baridi. Nilikuwa na yale yanayoitwa ya misimu yote, yaliyokaribia kuwa kipara, pamoja na imani ya mtu aliyejifunza udereva kwenye barabara za udongo za Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha na barabara huwa kama sabuni. Matope yalikuwa yamenifundisha kwamba gari likianza kuteleza ukaze mafuta usije ukakwama. Siku moja ya Novemba, theluji ikiwa haijafika hata unene wa kidole, niliingia kona ya kulia kwenye makutano ya mtaa wetu kwa mwendo wa maili 20 hivi kwa saa. Nilikata usukani, gari likaendelea mbele moja kwa moja. Nikakata zaidi na papo hapo nikakanyaga breki, nalo likazidi kwenda mbele, polepole, kimya kabisa, mpaka gurudumu la mbele la kushoto likagonga ukingo wa zege upande wa pili. Chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini kilipinda, na matengenezo yake yalimeza mshahara wangu wa wiki nzima. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa kuwa mahali ambapo watoto hungojea basi la shule palikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Katika gari dogo la kuvutwa mbele, injini na giaboksi vimekaa juu ya magurudumu ya mbele, kiasi kwamba takriban asilimia 60 ya uzito wote iko huko. Hiyo ni neema wakati wa kuondoka, kwa sababu uzito unayagandamiza matairi yale yale yanayovuta. Ndiyo maana Vitz yenye uzito wa kilo elfu moja na kidogo hutoka mahali ambapo pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma huzungusha matairi bure. Lakini magurudumu hayo mawili yana kazi tatu: yanavuta, yanakata kona, na yanabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Mshiko wa tairi una kiasi chake. Kwenye lami kavu kiasi hicho ni kikubwa hata hukumbuki kwamba kina mwisho; kwenye theluji ni kidogo, na ukikitumia chote kwa breki hakibaki cha kukata kona. Pale kwenye makutano niliyadai matairi ya mbele breki na kona kwa wakati mmoja, yakashindwa yote mawili.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye matairi. Ninazungumzia matairi ya baridi hasa, yale yaliyochorwa ubavuni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S peke yake hazitoshi, kwa kuwa zinaeleza umbo la meno ya tairi tu, ilhali alama ya mlima hupewa tairi lililopimwa kwenye theluji likafaulu. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, lakini wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini. Asubuhi moja ya Januari nilimpeleka mpwa wangu kwenye banda, ambako matairi yangu ya kiangazi yamepangwa, nikamwambia alibonyeze moja kwa ukucha, kisha abonyeze lile lililokuwa chini ya gari. La kwanza lilikuwa kama ubao; la pili lilibonyea. Alilikagua pia kwa karibu akaona jinsi kila jino lilivyojaa mikato myembamba, kama limechanjwa kwa wembe, inayofunguka tairi linapokanyaga na kuing'ata theluji. Akaniuliza kama anapaswa kuikwangua theluji iliyoshiba kati ya meno, kama tunavyokwangua tope nyumbani. Hapana, aiache. Tope likijaa kwenye meno tairi linateleza, lakini theluji hushikana na theluji, na tairi la baridi limeundwa kuibeba kwa makusudi.

Yawe manne. Nasisitiza hili kwa sababu wako watu watakaokushauri, kwa kukuonea huruma ya fedha, ununue mawili tu ya mbele kwa kuwa ndiyo yanayovuta. Gari la namna hiyo litaondoka vizuri na litaelekea kusimama vizuri, ila siku utakayofunga breki kwenye kona au kwenye mteremko, mbele itashika na nyuma haitashika, na mkia wa gari utakupita. Nimewahi kuona gari likizunguka hivyo mbele yangu, na dereva wake alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Saizi ya Vitz yangu ni 185/60 kwa rimu ya inchi 15, saizi nyembamba isiyo ghali, na wembamba huo ni faida, kwa kuwa tairi jembamba huikata theluji laini mpaka chini badala ya kuelea juu yake. Matairi yangu manne yalinigharimu kama dola 400, na kwa kuwa nimeyafunga kwenye rimu zake za chuma, nayabadilisha mwenyewe kila Novemba na kila Aprili kwa jeki na spana. Matairi yenye misumari ya chuma usiyatafute hapa, kwani sheria ya Minnesota haiyaruhusu kwa wakazi. Sheria hiyohiyo haimlazimishi mtu kufunga matairi ya baridi, tofauti na jimbo la Québec la Kanada, ambako ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ningefurahi sana kama ingekuwa lazima huku pia.

Somo lenyewe tulilifanya Jumapili alfajiri, kwenye uwanja mpana wa kuegeshea magari uliokuwa mtupu, baada ya theluji ya inchi nne. Nilimwambia aende maili 15 kwa saa, kisha akate kona ghafla kwa nguvu. Gari likakataa kukata, likaenda mbele kama nilivyoeleza.

"Mjomba, mbona linanikatalia?"

"Ondoa mguu kwenye mafuta, mwanangu. Sasa usukani urudishe kidogo ulikotoka. Usikanyage breki. Subiri."

Kurudisha usukani wakati unataka gari likate zaidi ni jambo ambalo mwili hulikataa, na alilirudia mara saba au nane kabla mikono haijakubali. Nilimtaka asikilize mikono yake. Usukani wa gari hili una uzito fulani wakati matairi yameshika. Mshiko unapopotea uzito huo unatoweka, usukani unakuwa mwepesi kama unaokoroga maji, na kelele ya theluji inayosagwa chini inakatika. Dalili hizo mbili hutangulia kwa muda mfupi sana, lakini zinatosha kuondoa mguu. Ukisubiri, mwendo unapungua, ghafla unaisikia sauti ya kusaga imerudi na usukani umekuwa mzito tena, na gari linafuata unakolielekeza. Alipoipata hiyo mara ya kwanza alipiga kelele ya furaha.

Kisha tukafanya breki. Gari lake, kama langu, lina breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, na mguu unapokanyaga kwa nguvu pedali hutetemeka na kutoa mngurumo. Wengi wanaposikia hivyo huachia wakidhani kitu kimevunjika. Usiachie. Breki hizo hazifupishi safari ya kusimama kwenye theluji laini, tena huweza kuirefusha, lakini zinakuachia uwezo wa kukata usukani na kukwepa. Magari yote mapya hapa, tangu yale ya mwaka 2012, yanakuja na mfumo unaolinyoosha gari linapotaka kuserereka. Langu halina, na kwa sababu hiyo nimelazimika kufanya kwa mguu kile ambacho kompyuta ingefanya. Siku nyuma ya gari ikianza kukupita, tazama unakotaka kwenda, elekeza usukani huko, na kwa gari la kuvutwa mbele mafuta kidogo sana, yakitolewa pua ikishaelekea sawa, hulivuta likanyooka. Handibreki usiiguse, kwa maana inafunga magurudumu ya nyuma peke yake.

Mengine yote ya uendeshaji yanatokana na kuyadai matairi kazi moja moja. Nafunga breki mapema nikiwa nimenyooka, naachia, ndipo nakata kona, na nikishanyooka ndipo naongeza mafuta. Ninaondoka kwa gia ya pili, klachi ikiachiwa taratibu, ili nguvu ya injini isiyashinde matairi. Mwendo nao una hesabu yake ambayo haimhurumii mtu: ukiongeza maradufu, umbali wa kusimama unakuwa mara nne.

Milima yetu huku si mikubwa, lakini barabara ya kuingilia nyumba ya rafiki yangu ina mwinuko, na hapo ndipo gari la kuvutwa mbele linapoonyesha udhaifu wake. Gari likipanda, uzito unahamia nyuma na kuyapunguzia magurudumu yanayovuta. Wako wazee wa hapa watakaokushauri uweke mifuko ya mchanga ndani ya buti; ushauri huo ni mzuri kwa pikapu inayosukumwa kwa nyuma, lakini kwa Vitz ni madhara, kwa kuwa mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unainyanyua mbele. Inayosaidia ni kasi ya wastani uliyoianza chini kabla ya kupanda, na mguu usiotikisika. Ikishindikana, na kama ni eneo la nyumba lisilo na magari mengine, geuza gari, kisha panda mwinuko huo kinyumenyume. Uzito utaangukia magurudumu ya mbele, yaliyo sasa upande wa chini, na mara nyingi gari litapanda pale lilipokuwa limekataa.

Watu wanaotoka kwenye joto hudhani kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo barabara inavyoteleza zaidi. Sivyo. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka, kwenye nyuzi sifuri au chini yake kidogo, ina utando wa maji na ndiyo mbaya kuliko zote, ilhali theluji ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu, inalia chini ya viatu, na tairi linaishika vizuri. Hatari ya baridi kali iko kwingine. Kwanza, chumvi inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu yake nyingi lami ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Pili, mvuke unaotoka kwenye ekzosi za magari yanayosubiri taa huganda juu ya lami, ukatengeneza barafu isiyoonekana hapo hapo kwenye makutano ambako kila mtu anahitaji kusimama. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi takriban nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ikasitisha kupeleka barua, na siku hiyo barabara iliyonyooka ilikuwa salama kuliko asubuhi nyingi za Novemba, lakini kwenye taa magari yalikuwa yanateleza kama sahani mezani. Madaraja nayo huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo unayapita juu na chini.

Kikomo halisi cha gari dogo ni kimo chake kutoka ardhini. Chini ya Vitz pana nafasi ya sentimita 14 hivi. Theluji ikizidi hapo, tumbo la gari linailalia, magurudumu yanapungukiwa uzito, na hakuna tairi la dunia hii litakalokuokoa. Mara nyingi tatizo haliko barabarani bali mlangoni kwako: greda la manispaa likishapita huacha tuta la theluji iliyoshindiliwa, yenye mabonge ya barafu, limeziba njia ya kutokea. Usilipige tuta hilo kwa kasi. Lichimbe kwa chepe, upana wa gari na zaidi kidogo. Msimu wa 2022 hadi 2023 zilianguka zaidi ya inchi 90, wa tatu kwa wingi katika kumbukumbu za eneo hili, na nakumbuka matuta hayo yalifika kifuani kwangu.

Ukikwama, usizungushe magurudumu kwa hasira, kwani joto lake huyeyusha theluji na kuiacha ikiwa kioo. Shuka, na kabla ya yote safisha mdomo wa ekzosi, kwa kuwa ukizibwa moshi wenye sumu unaweza kuingia ndani ya gari na kukuua ukiwa umekaa. Kisha chimba mbele ya magurudumu ya mbele na chini ya tumbo, nyoosha usukani, mwaga mchanga, na utikise gari mbele na nyuma kwa mafuta kidogo. Ndani ya buti yangu wakati wote kuna chepe fupi, mfuko mdogo wa mchanga, blanketi, tochi, buti za miguuni na waya za kuamshia betri. Tangi halishuki chini ya nusu. Maji ya kioo yawe yale yasiyoganda, na usiku wa baridi kali uache gari kwenye gia bila handibreki, kwani waya zake huweza kuganda.

Kwa walio ndani ya jiji la Minneapolis, zijueni pia siku tatu za dharura ya theluji, ambazo jiji huzitangaza ili barabara zisafishwe: kuanzia saa tatu usiku wa siku ya kwanza hakuna kuegesha kwenye barabara zilizotengwa kwa dharura, upande wowote, siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, hakuna kuegesha upande wa nyumba za namba shufwa kwenye mitaa mingine, siku ya tatu, kwa saa zizo hizo, ni upande wa namba witiri. Gari litakalokutwa linavutwa, na kulikomboa ni gharama inayoumiza.

Dhoruba ya kwanza kubwa ilimkuta mpwa wangu akiwa na matairi yake manne na wiki tano za mazoezi. Simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri.

"Shikamoo, Mjomba. Nimefika mwisho wa mtaa. Theluji inafika kwenye bampa, na greda halijapita. Nimegeuza, niko nyumbani. Nimewapigia kazini kuwaambia nitachelewa."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri sana."

Greda lilipita saa tatu. Alichimba tuta kwa nusu saa, akaingia kazini kabla ya saa tano, na jioni akanitumia picha ya Vitz yake ikiwa imeegeshwa kati ya magari mawili makubwa, imefunikwa na chumvi nyeupe mpaka madirishani.